Kaburi la Jirani

Kwetu Lesotho, huku milimani, mtu akifa wanaume wote huchimba kaburi lake, na aliyewahi kufanya kazi migodini ndiye humalizia kule chini, atake asitake. Eti heshima. Heshima gani hiyo!

Rapelang alirudi nyumbani baada ya mwamba kuwafukia yeye na wenzake mgodini. Ni yeye peke yake aliyetolewa hai. Tangu hapo alilala uani, amejifunika blanketi, hata theluji ikianguka. Mlango ukibamizwa, aliruka. Watu wakasema ana mwanamke kule Welkom, mji wa migodi, ndiyo maana hataki kitanda cha mkewe. Binamu yake, Motlatsi, alicheka pamoja nao.

Kisha jirani akafa. Alfajiri ya mazishi, kaburi lake lilipofika kina cha kifua, Motlatsi alimpa sururu.

"Ingia, kaka. Au kule mgodini ulikuwa unapika chai?"

Wanaume wakaangua kicheko. Rapelang akaingia. Udongo ukamporomokea begani, konzi moja tu. Akapiga yowe. Akaanza kuparua ukuta wa kaburi kwa kucha, akiita majina ambayo hakuna aliyeyajua, mpaka vidole vikatoka damu. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumwona mtu.

Kicheko kikakatika. Motlatsi akaruka ndani, akamkumbatia kwa nguvu. Aliona aibu. Walichunga kondoo pamoja tangu utotoni, na hakuwahi kumuuliza hata siku moja analala vipi.

Walipotulia, wakatoka kaburini, wakakaa kando, mbali na wenzao.

"Nikifumba macho tu, wananiita," alisema Rapelang.

"Twende kliniki. Kuna nesi anatibu watu waliopatwa na makubwa kama haya."

"Mimi si mwendawazimu, Motlatsi."

"Nani kasema? Ungevunjika mguu, ungeuficha chini ya blanketi?"

"Nilishatakaswa kimila. Kondoo alichinjwa."

"Na nyama tulikula wote. Mbona bado hulali ndani?"

Rapelang akajivutia blanketi mabegani.

Jumatatu waliteremka kwa farasi. Njiani Rapelang alitaka kurudi, Motlatsi akazishika hatamu za farasi wa mwenzake, hakuziachia mpaka kliniki.

Nesi, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliwakaribisha wakae. Kisha akamwomba Motlatsi angoje nje. Motlatsi alipoinuka, Rapelang akalikamata blanketi alilojitanda binamu yake kwa mikono miwili.

"Asitoke, mama," alisema. "Wale wengine niliwaacha kule chini."