Jirani wa Shule

Nabwile hakumpenda Mwalimu Nyaruai tangu siku ya kwanza, wala hakujisumbua kuficha. Mwalimu alikuwa mtu wa Kitale, mtaa wa Kibomet, akahamishiwa shule ya msingi hapa Bumula na kuja na kiherehere chake cha mazingira. Kabla hajaijua hata njia ya kisimani, tayari ameunda chama cha wanafunzi cha kupanda miti, ameliandikia shirika moja huko Kitale linalozipa shule misaada midogo ya mambo hayo, na msaada umekubaliwa. Sasa alikuwa amesimama mlangoni pa Nabwile, viatu vimejaa tope, akitabasamu. Alieleza kwamba shule ingepanda miti ya lusiola kwenye mpaka wake wote, na kwamba shirika lilikuwa na sharti moja: kila jirani awepo siku hiyo na apande mche wa kwanza upande wake, pasije pakazuka ugomvi baadaye.

Katika maneno yote hayo Nabwile alisikia moja tu, mpaka.

"Mwalimu, rudi kwenye umetoka," alisema. "Hii shamba imekuliwa ya kutosha. Kama ni miti mnataka, pandeni kwa ofisi ya hedimasta."

Nyaruai alifungua kinywa aeleze tena. Nabwile akainua beseni la maji aliyooshea vyombo, akayamwaga papo hapo mlangoni. Mwalimu aliruka kando, akaenda zake bila kuaga, sketi imelowa mpaka magotini.

Tusimlaumu upesi mama wa watu. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, lakini wahenga hawakumjua Wekoye. Huyu alikuwa kaka wa Kizito, marehemu mume wa Nabwile, na alikuwa na duka la mbao Kitale. Kizito alipolazwa hospitali kule Bungoma mjini, Wekoye alikuja na msumeno wa mashine, akaangusha lusiola zote za mpakani walizoachiwa na baba yao, ati zikauzwe mgonjwa atibiwe. Miti ilijaa lori na lori likaenda Kitale. Mgonjwa alitibiwa kwa ng'ombe wa Nabwile. Tangu Kizito azikwe, kila msimu trekta ya Wekoye ililima kwake na kumega kidogo kwa mjane, na kidogo kidogo hujaza kibaba.

Hati ya shamba ilikuwa bado kwa jina la baba yao, naye alilala kaburini zamani. Kilichobaki kumtetea Nabwile ni macho ya watu. Huku kwetu shauri la shamba likifika kwa chifu, swali la kwanza ni hili: mti wa mpakani ulipopandwa, nani alisimama? Shamba la Nabwile lilikuwa katikati, shule upande huu, Wekoye upande ule. Na Wekoye alikuwa akiwaambia watu kwamba hakuna cha katikati, kwamba yeye na shule ni majirani moja kwa moja, na yule mwanamke ni wake, amemrithi. Kumrithi wapi? Siku alipokuja na habari hizo Nabwile alimtoa nje kwa mwiko wa ugali.

Basi asubuhi ya siku ya kupanda, jirani yake Rosaline alifika mbio na habari. Mwalimu, alipofukuzwa, alimwuliza hedimasta mwenye boma lile ni nani. Hedimasta akampigia simu Wekoye. Na Wekoye alikuwa tayari uwanjani, amevaa koti, akisubiri kusimama kama jirani wa shule mbele ya asistanti chifu na wageni wa shirika.

Nabwile aliketi juu ya ndoo. Hasira hasara, na hii ilikuwa yake mwenyewe. Mwalimu alimletea shamba lake mkononi, naye akalimwagia maji machafu. Na hata angekwenda sasa, angefanya nini? Mwanamke hapandi mti. Akipanda, mumewe hufa. Nyanya yake alimwambia hivyo, na mama yake, na mama mkwe, na Nabwile aliamini kama anavyoamini kwamba mvua hutoka juu. Alikaa hapo mpaka Rosaline akaanza kumwonea huruma kwa sauti. Huruma hiyo ndiyo iliyomwinua. Alichukua jembe akaondoka.

Walikuwa wamekusanyika penye mpaka, watoto kwa mistari, miche imepangwa chini kwenye makaratasi yake meusi. Wekoye alikuwa ameshika mmoja, amewageuzia uso wake mzuri wageni wenye kamera. Nabwile alipita katikati ya watoto, akasimama mbele ya asistanti chifu na kusema jirani wa shule ni yeye. Mwalimu Nyaruai alimtazama kwa chuki ya haki kabisa, akasema mama alipewa nafasi akaikataa. Mzee Jotham, mzee wa kijiji, naye akasema kerere ya nini, mwanamke anajua hapandi mti, amwachie shemeji ampandie.

"Shemeji gani," alisema Wekoye akicheka. "Mimi ndiyo bwana yake sasa. Ndugu akienda, ndugu anashika boma. Shamba yake ni yangu."

Nabwile alimwomba arudie, asistanti chifu asikie vizuri. Wekoye akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha Nabwile akamgeukia Mzee Jotham, kwa adabu zote, amweleze mwalimu, mgeni wa Kitale, ni kwa nini mwanamke hapandi mti. Mzee alisitasita. Alikuwa ameanza kuona mambo yanakokwenda.

"Bwana yake anakufa," alisema.

"Sawa." Nabwile alipiga jembe la kwanza ardhini. "Mulamwa, shemeji yangu, simama hapo karibu. Kama wewe ni bwana yangu, leo nakupandia. Kama si bwana yangu, waambie hawa watu, nipande bila kuua mtu."

Wekoye alicheka tena, lakini peke yake. Alisema hayo ni mambo ya zamani, yeye ni mtu wa kanisa. Nabwile aliendelea kuchimba. Shimo lilipofika kina cha mkono, aliuvuta mche kutoka kwa mikono ya Wekoye, akaichana karatasi, akapiga magoti. Mtu wa kanisa alikuwa amerudi nyuma hatua, kisha nyingine, jasho limemtoka ndani ya lile koti.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza, wewe. Mimi si bwana yake, bana. Nilikuwa nasema tu mambo ya familia."

"Si bwana yake?" aliuliza asistanti chifu.

"Si bwana yake. Hata sijawahi kula kwake."

"Na shamba hii ni ya nani?"

Wekoye aliangalia mche uliokuwa ukining'inia juu ya shimo, mizizi yake ikidondosha udongo. Alisema ni ya huyo mama. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Alikwenda moja kwa moja hadi barabarani na kutafuta pikipiki ya kumtoa Bumula, na watoto, washenzi wadogo wale, wakamsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Nabwile akautia mche shimoni, akashindilia udongo kwa viganja.

Mwalimu Nyaruai alikuja akiwa amesahau beseni na sketi yake. Alichuchumaa na simu mkononi, akachukua picha, akasema kwa furaha kwamba mama ameona, ni jambo rahisi tu, angeweza kulifanya zamani.

Nabwile aliinua macho. Furaha ya mwalimu ilimchoma kuliko ubaya wote wa Wekoye.

"Bwana yangu akitoka hospitali aliniletea miche kama hii," alisema. "Alikuwa hawezi kuinama. Aliniomba nimpandie, kila siku aliniomba. Nilikataa ndio asikufe. Ilikaukia kwa ukuta akiiangalia."

Nyaruai alishusha simu. Akanyosha mkono kumgusa bega. Nabwile aliusukuma mkono ule, akavuta mche wa pili na kuanza kuchimba.

"Ondoa watoto wako hapo," alisema. "Wanakanyaga maharagwe yangu."