Kiti cha Mahameli Nyekundu

Mimi sipendi kufundishwa habari za viti. Nimeshona viti vya magari miaka thelathini na moja: vya malori, vya teksi, hata vya gari moja la kubebea maiti ambalo mwenyewe alitaka dereva akae raha. Ukiniletea kiti kilichopasuka, unaondoka na kiti ambacho utaona haya kukikalia na suruali chafu. Mtaa mzima wananiita Fundi Sponji, na ukiniita hivyo naitika.

Basi binti yangu, aliyehangaika miaka saba kupata mtoto, akajifungua. Msichana! Mumewe alikuwa kazini kwenye meli ya mizigo, mbali huko, akanipigia simu analia na kucheka kwa pamoja. "Baba," akasema, "nakukabidhi wote wawili. Nifikishie nyumbani salama." Nikamjibu, "Mwanangu, wewe tulia. Mtoto huyo hapandi gari la mtu mwingine maadamu mimi niko hai." Nilipokata simu kichwa kilikuwa kimenivimba, hata kofia ilikataa kukaa.

Kiti cha mtoto mkwe wangu alikuwa ameshakinunua kabla hajasafiri. Nilipokitoa kwenye boksi, nusura nilie. Ganda la plastiki, kitambaa chembamba, na sponji ya kuhurumia. Hivi kweli mjukuu wangu, mchumba wangu, aliyetuweka roho juu miaka saba, aje akalie hiki? Nikakivua nguo yake ya kiwandani, nikaikunja na kuitupa kwenye buti pamoja na kijitabu cha maelekezo, ambacho sikukifungua hata ukurasa mmoja. Nikakata sponji ya inchi tatu, nikaivika mahameli nyekundu, nikatoboa matundu ya kupitishia mikanda na kuyapindia uzi wa dhahabu. Kazi za wateja zilisimama siku tatu. Mke wangu akaja kukibonyeza kwa kidole, akasema, "Haya, mke mwenzangu ataringa huyo!" Nikakifunga kwenye kiti cha nyuma cha gari, kikitazama mbele, ili nikiwa njiani nimwone mchumba wangu kwenye kioo.

Siku ya kuwachukua, tulifika hospitali saa nne asubuhi, mimi na mke wangu, tumevaa kama wenye arusi. Hospitali ile ina utaratibu wake: mtoto mchanga hatoki getini kwa gari mpaka nesi akague kiti chake. Mimi sikuwa na wasiwasi. Kusema kweli nilikuwa nasubiri sifa.

Akaja nesi mmoja mfupi, miwani inaning'inia kifuani, amebeba begani mwanasesere wa kitambaa. Binti yangu alikuwa ameshatoka, amekaa kwenye benchi la mlangoni na mtoto mikononi, anatuangalia.

"Hongera, babu," nesi akasema.

"Babu ni kwa mjukuu wangu. Kwako mimi ni fundi."

Akacheka, akainama ndani ya gari, akapitisha kiganja juu ya mahameli. "Jamani, kiti kimependeza! Nani kashona?"

"Mimi hapa."

"Umeshona vizuri sana, fundi. Mtoto hapandi."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Unasemaje?"

"Kwa kiti hiki, hapandi."

Damu ikanipanda. Nikamwambia nesi, wewe unazaliwa mimi nilikuwa tayari nimeshona viti mia tatu, usinifundishe kazi. Nikamwambia kiti kile hata mawaziri hawana. Yeye ananisikiliza kama mtu anayengoja mvua ipite. Mke wangu akaona mambo yanaharibika, akaingilia kati. "Sasa sista, si rahisi tu? Nitampakata mimi. Huyu mama yake mwenyewe nilimpakata hivihivi mpaka nyumbani, na mnamwona hapo."

"Mama, mikono yako naiamini," nesi akasema taratibu, "gari likiwa limesimama. Likipiga breki kali, mtoto huyu mdogo anakuwa mzito kama gunia. Hakuna mikono ya kulishika gunia linaloruka." Mke wangu akabetua midomo, hakuamini.

Kisha nesi akanigeukia na kunikabidhi mwanasesere. Nusura anidondoke. Kumbe tumboni walikuwa wamemjaza mchanga, ana uzito wa mtoto mchanga kabisa. "Mfunge wewe, fundi. Kaza unavyojua."

Nikamfunga. Nikavuta mkanda mpaka ukatulia kifuani, nikarudi nyuma, nikakunja mikono. Hapo hata mwanasesere mwenyewe alionekana ameridhika.

"Vizuri. Sasa nisaidie jambo moja," nesi akasema. "Sponji mpya, ukiikalia kwa nguvu, inafanyaje?"

Swali la kitoto. "Inalala," nikasema.

Neno lilipotoka tu, nikalitambua. Maana hilo ndilo ninalowaambia wateja kila siku ya Mungu. Anakuja mtu analalamika kiti kiko juu mno, namwambia usijali bwana, kalia wiki moja, sponji italala. Miaka thelathini na moja nimelisema.

Nesi akamkandamiza mwanasesere kwa viganja viwili, kwa nguvu, kama vile gari limegonga kitu. Sponji ya inchi tatu ikalala yote. Mkanda nilioukaza ukabaki unaning'inia, unapitisha ngumi. Akamsukuma mwanasesere mbele kidogo tu. Bega moja likachomoka, halafu la pili, na yule mtoto wa mchanga akatoka mzima, akaangukia sakafu ya gari, kichwa kikitangulia.

Nilimtazama pale chini, nikamwangalia mjukuu wangu kwenye benchi, ngumi yake imetoka kwenye blanketi. Nilijishika kwenye mlango wa gari. Siku tatu zote zile nilikuwa nashona mtego, tena kwa uzi wa dhahabu.

"Baba," binti yangu akaniita kutoka kule. "Baba, jamani. Msikilize sista."

Nikajikaza kisabuni. "Nguo ya kiwandani ninayo," nikamwambia nesi. "Iko kwenye buti. Na kitabu kiko humohumo."

"Basi tumepona!" akasema, akapiga makofi kabisa. "Wengine huwa wameitupa jalalani."

Nilitegemea atanifungia yeye. Wapi! Akaketi kwenye ukingo wa lami, akavaa miwani, akawa ananisomea kijitabu huku mimi natoka jasho ndani ya gari. "Nikikufungia leo, kesho utafungiwa na nani?" akauliza. Nikarudisha kile kitambaa chembamba nilichokidharau. Nikakigeuza kiti kitazame nyuma.

"Sasa nitamwonaje?" nikalalamika.

"Utaangalia barabara," mke wangu akadakia. Nesi akaangua kicheko, hata binti yangu kule kwenye benchi akacheka huku ameshika tumbo, anasema msinichekeshe, nyuzi zitaachia. Ndipo nesi akanieleza vizuri: mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo laini. Akitazama nyuma, gari likisimama ghafla, mgongo wote wa kiti unampokea pamoja na kichwa chake. Akitazama mbele, shingo peke yake ndiyo inafanya kazi.

Mara ya kwanza kiti kikacheza nilipokitikisa, akasema fungua. Mara ya pili kilikuwa kimesimama wima mno, kichwa cha mtoto kingeangukia kifuani, akasema fungua. Mara ya tatu nikaweka goti, nikakigandamiza, nikavuta mkanda wa gari kwa nguvu zangu zote za ufundi. Nesi akakitikisa. Hakikucheza. Ndipo binti yangu akamleta mtoto, tukamvua blanketi kwanza, tukamfunga, blanketi tukamfunika juu ya mikanda. Nesi akanitaka nijaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Vidole vyangu vinashika sindano ndogo kabisa, lakini mkanda ule havikupata pa kuufinya.

"Hapo sasa, fundi," akasema. Nakwambia ukweli, hakuna mteja aliyewahi kunifurahisha kwa neno moja kama hilo.

Tukaondoka. Binti yangu nyuma pembeni ya mtoto, mke wangu mbele, amefunga mkanda kwa shingo upande. Mahameli yangu ilikuwa imelala kwenye ubao wa kioo cha nyuma, maana sikuwa na moyo wa kuitupa. Niliendesha polepole mpaka waendesha baiskeli wakanipita. Tulikuwa tunabishana mtoto kachukua pua ya nani, mke wangu akiapa ni yake, wakati lori lilipochomoka kinyumenyume kwenye geti la ghala moja, pale mbele kabisa, bila honi.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Mahameli ikaruka kutoka nyuma ikanipiga kisogoni. Chupa ya chai ikabingirika chini ya viti. Gari likasimama, boneti limebakiza kama dhiraa moja kulifikia lori. "Mtoto?" nikauliza.

"Amelala," binti yangu akasema. Kisha akacheka na kulia, kama mumewe kwenye simu. "Baba, hata hajaamka! Anatafuna ulimi tu."

Nikamgeukia mke wangu. Mikono yake miwili ilikuwa mbele, imebandikwa kwenye dashibodi, vidole vyote wazi. Hakukumbuka kuipeleka pale, imejirukia yenyewe. Akaitazama muda mrefu, kiganja hiki na kiganja hiki, mitupu. Halafu akaikunja kifuani akasema kwa sauti ndogo, "Sista yule Mungu ambariki." Sikuwa nimewahi kumsikia akikubali kushindwa, na sitegemei kusikia tena.

Tulipofika nyumbani nilimpigia mkwe wangu. "Wamefika," nikamwambia. Akanifanya nirudie mara tatu.

Sasa kila Alhamisi nafunga karakana saa tano naenda hospitali. Nesi huwa ananingoja na mwanasesere wake, na kina mama na kina baba wamejaa kwenye mabenchi, wengine wamenuna kama nilivyonuna mimi. Nawawekea mbele ule mto wangu wa mahameli nyekundu. Wanaushika, wanausifu. Mmoja lazima aulize fundi gani kaushona, maana naye anautaka wa kwake.

"Niliushona mimi," nawaambia. "Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Sasa njooni niwaonyeshe ungemfanya nini mjukuu wangu."