Pumzi Ndani ya Mawimbi

Fundi alikifunga kipaza mawimbi kwenye mashine ya kupimia, akazikaza nati za waya kwa spana ndogo, akapuliza vumbi. Kipaza hicho kilikuwa kimeshushwa kutoka mnara wa simu wa kilimani baada ya wateja kulalamika kwamba simu zao zinapumua. Kwenye skrini, mstari uliopaswa kunyooka ulipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Kwa macho tu huwezi kujua wimbi linatikiswa na nini. Fundi akabonyeza kitufe, na mashine ikauchambua ule mtikisiko, ikaweka kila kilichomo mahali pake kulingana na kasi yake. Vikasimama vilele viwili. Kimoja kilikuwa mngurumo wa umeme wa ukutani, jambo la kawaida. Cha pili kilikuwa kushoto kabisa, kwenye mitikisiko ya polepole, ambako hakuna kifaa kinachofika. Fundi alizima feni, akazima na taa. Kikabaki palepale.

Akaunganisha spika.

"Afadhali wewe," alisema Twiga kutoka ndani ya spika. "Wenzako wote wananikatia simu."

Twiga alikuwa mpanda minara. Alianguka kutoka mnara ule msimu wa mvua, akafa, na kampuni ikasema alipanda kwa kiherehere chake. Enzi za uhai wake alikuwa akila chakula cha mchana na fundi kwenye meza hiyo. Siku hizi fundi alikula amesimama, peke yake, akiangalia ukuta.

"Umekula lakini, dada?"

"Bado."

"Niliwaambia mkanda wa kujifungia mnarani umeoza. Meneja akasema panda hivyo hivyo, mpira unaanza sasa hivi, watu wanataka mtandao."

Fundi akaenda kumwita meneja. Meneja akaja na kikombe chake cha chai, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndivyo nilivyosema," akakiri. "Pole, bwana."

"Nilishapoa," Twiga akajibu.

Meneja akamgeukia fundi. "Hiyo pumzi yake imevuka kiwango kinachoruhusiwa?"

"Haijavuka."

"Basi kipaza kirudishwe. Kule kilimani watu hawana mtandao."

"Na mikanda?"

"Tumeagiza," alisema meneja, akaondoka na chai yake.

"Hata mimi niliambiwa hivyo," alisema Twiga.

Kesho yake mpandaji mpya, baba wa mapacha, alikipandisha kipaza akiwa amejifunga kamba ya katani kiunoni. Safari hiyo alishuka salama. Wateja nao wakazoea; wengine wakasema pumzi ile inawaletea usingizi mzuri.

Fundi hana mtu wa kumpigia jioni. Kwa hiyo humpigia mama yake Twiga, anayeishi kule kilimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Baada ya hapo wote wawili hunyamaza, wakimsikiliza Twiga akipumua.

"Leo hasemi kitu," fundi alinong'ona juzi.

"Amechoka," alisema mama. "Mwache alale." Wala hakukata simu.