Kilomita Elfu Tatu na Themanini

Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye ofisi ya uwanja wa ndege nikipiga hesabu: umbali, mafuta, upepo, saa za hewani. Sasa nimestaafu, na mtaani wananiita Mzee Kilomita. Kwamba naongeza chumvi, sikatai. Ndiyo maana hili haliaminiwi na mtu.

Dada yangu alikuwa mahututi. Binti yake wa pekee alikuwa ameondoka huko ughaibuni saa kumi na moja alfajiri, kwa saa zetu. Kilomita elfu tisa na mia nane, mwendo wa mia nane na arobaini kwa saa: angetua saa kumi na dakika arobaini jioni. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia pale nyumbani alinivuta pembeni.

"Baba, huyu alasiri haimkuti."

Nikarudi kitandani.

"Kaka, mwanangu kafika wapi?"

"Wamepata upepo wa nyuma, dada, wa kutisha! Rubani kashikilia kofia. Saa saba yuko hapa."

"Muongo wewe, tangu unanyonya."

"Ya kunyonya siyakumbuki. Hii nimeipigia hesabu."

Akacheka, akakohoa, akakaza macho mlangoni. Kazini tulikuwa na mwiko: anayesubiri mtu haahidiwi saa ya kufika mpaka magurudumu yaguse ardhi. Niliuvunja makusudi, apate cha kushikilia.

Saa saba kamili mlango ulifunguka. Mpwa wangu akaingia mikono mitupu, bila viatu, miguuni soksi nyembamba wanazogawa kwenye ndege. Akanipita bila salamu. Bega lake lilinigusa, baridi ikanipanda mpaka kwenye meno. Muuguzi akamsogezea kiti.

"Pole na safari, dada. Mzigo je?"

"Uko nyuma."

Akamshika mama yake mkono. Dada yangu akamtazama, akasema, "Umekonda," na pumzi ikaishia hapo hapo. Binti akamfumba macho, akainuka, akatoka. Nilimfuata mpaka nje. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, tupu pande zote mbili.

Nikapiga hesabu, maana ndicho ninachokijua. Saa saba, ndege ile ilikuwa bado kilomita elfu tatu na themanini kutoka kwetu.

Saa kumi na mbili teksi ikasimama mlangoni. Akashuka, viatu miguuni, masanduku mawili, macho mekundu.

"Afadhali," muuguzi akamwambia, "mzigo umepatikana."

Hakumwelewa. Akanishika koti.

"Mjomba, nimemkuta?"

Siku nzima uongo ulikuwa umenitoka kama maji ya bomba. Hili moja la kweli likatoka tone kwa tone.

"Ulimkuta," nikasema. "Macho ulimfumba wewe mwenyewe."

Nikamgeukia muuguzi aniunge mkono. Alikuwa ameganda, anatazama vile viatu.

Mpwa wangu akanisukuma kifuani.

"Hata leo, mjomba? Hata leo?"

Akakimbilia ndani.