Chai ya Mama wa Ofisini

Ilipogonga saa mbili asubuhi Dessie Hartigan alikuwa ameshapiga pasi shati lake la kazi na kufuta meza mara mbili, dada yake Noelene akimfuata nyuma kumsihi aache.

"Viache vyombo kwenye sinki, Des. Leo tu. Na chai nitapika mimi."

Dessie hakuelewa. Miaka thelathini na sita watu wamekuwa wakimwambia aonyeshe anachoweza, leo anaambiwa akifiche. Noelene akamweleza tena, polepole: mama wa ofisi ya misaada anakuja kuangalia kama bado anastahili saa zake za Ngaire. Ngaire ni msaidizi wake anayelipwa na ofisi hiyo, huja mara tatu kwa wiki. Hupanga naye dawa za moyo, husoma naye barua, humkumbusha kuzima jiko. Bila Ngaire, nyumba hii ndogo mjini Mackay, ambayo ufunguo wake anao yeye mwenyewe, ingemponyoka, arudi kulala chumba cha wageni kwa Noelene.

"Mwambie siku mbaya," dada akasema. "Siku ile uliyopotea na basi."

Ofisi ilitaka pia cheti cha daktari kwamba Dessie bado ana hali ya Down. Alizaliwa na hali hiyo ya kuchelewa kujifunza, na haiponi. Noelene alipoteza nusu siku ya kazi kukifuatilia, kana kwamba kaka yake alikuwa na mafua.

Bi. Pruett, mama wa ofisini, alifika na fomu ya kurasa kumi na moja na jasho la jua la Queensland. Hakuwa mtu mbaya. Ila mgeni akiingia kwa Dessie hakai mikono mitupu, na kabla Noelene hajainuka kitini, birika lilikuwa limechemka na keki za nazi ziko mezani. Alipoulizwa, Dessie akaeleza yote: miche anayoipanda kwenye vyungu kazini, tiketi za bahati nasibu anazouza klabuni kila Ijumaa, mshindi akipata sinia la nyama, na mpenzi wake Tamsin, ambaye humshinda karata kwa kuiba. Siku ya basi hakuikumbuka kabisa. Kila jambo la furaha lilipata alama yake kwenye fomu, na Noelene aliinamisha macho sakafuni.

"Hongera, Des," Bi. Pruett akasema. "Unajimudu kweli. Nadhani saa tunaweza kuzipunguza."

Dessie alimtazama usoni. "Hiyo miwani, ukiivaa unaona vizuri?"

"Naona vizuri sana."

"Kwa hiyo wakunyang'anye?"

Noelene alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Bi. Pruett aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema kwa upole kwamba fomu haina nafasi ya maelezo kama hayo. Hapa chini ni sahihi tu.

Dessie akaivuta fomu. Hakutia sahihi. Alianza kuandika pembeni, penye weupe, kwa herufi kubwa, ulimi nje, Bi. Pruett akitafuta la kufanya na saa yake na Noelene akiikalia mikono yake asije akamsaidia. Ilichukua muda mrefu.

NINAWEZA KWA SABABU NGAIRE ANAKUJA.

Akaweka kalamu chini, akakisogeza kikombe cha mgeni karibu naye.

"Kunywa, mama," akasema. "Inapoa."