Reni wa Mwaka 2061

Reni wa kwanza alifika Akalla, kitongoji cha Stockholm, Jumamosi moja ya Novemba, asubuhi, Truphosa akiwa katika chumba cha kufulia cha jengo lao, anakunja shuka. Dirisha la chumba kile linatazama uani. Alimwona mnyama yule, mfano wa kulungu mkubwa mwenye pembe za matawi, akitokea upande wa kituo cha treni ya chini ya ardhi pamoja na abiria wengine, pembe kaziinamisha pembeni zisije zikamgusa mtu. Alisimama karibu na bembea za watoto, akaanza kukwaruza lami kwa kwato.

Truphosa alimaliza shuka zake. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Ghislaine, jirani kutoka Bukavu, na Ghislaine hapendi kukuta nguo za mtu mwingine kwenye mashine.

"Mama Whitney, kule inje kuko nyama," Ghislaine alisema alipoingia na kikapu. "Iko na njaa."

Truphosa alisema amemwona.

Kufikia mchana ua ulikuwa umejaa. Walikuja kwa vikundi, kila treni na wake, na wote walifanya jambo moja: walishusha pua chini, wakanusa, wakakwaruza. Mbavu zao zilihesabika. Jumatatu kampuni ya nyumba ilibandika tangazo mlangoni, ikiwaomba wapangaji wasiegeshe baiskeli mahali wanyama wanapolala.

Truphosa aliwajua reni kwa sababu ya kazi yake. Alikuja Uswidi kusoma, akabaki, na sasa alikuwa mtafiti katika taasisi moja mjini, akitabiri jinsi nchi za baridi zitakavyokuwa tabianchi inapobadilika. Watu wa kwao Vihiga walimuuliza kuna ubaya gani kaskazini kukipata joto kidogo. Aliwaeleza kwamba reni huvuka majira ya baridi kwa kula kuvumwani, uoto wa kijivu kama sponji, ambao huufukua chini ya theluji. Theluji haiwashindi. Kinachowashinda ni mvua. Siku hizi mvua hunyesha katikati ya Januari, ikailowesha theluji, kisha baridi hurudi na kuigandisha ikawa kama kigae. Mnyama husikia harufu ya chakula chini ya kwato zake na hawezi kukifikia.

Kwa hiyo alikwenda kwa muuza maua, ambako kuvumwani huuzwa kupambia vinara vya Krismasi, akanunua makasha yote. Josiah, mumewe, ndiye aliyewalisha. Josiah hufanya kazi katika nyumba ya wazee, na ana subira na vinywa visivyotaka kula. Alipiga magoti mbele ya jike mmoja mwenye pembe iliyovunjika, akamwekea chakula ulimini. Jike alitafuna. Kuvumwani ilidondoka upande wa pili wa kinywa ikiwa kavu na nzima, kama ilivyotoka kwenye kasha.

Josiah alijaribu tena, na tena.

"Huyu hakatai," alimwambia mkewe. "Anakitaka. Ni chakula ndicho hakimshiki."

Reni wana wenyewe, na kila mwenyewe ana alama yake ya kukata masikioni. Truphosa alipiga picha ya masikio ya yule jike, akamtumia Elle-Marja, mfugaji wa Kisami, wale wenyeji wa kaskazini waishio kwa kufuga reni, aliyewahi kumpokea huko wakati wa utafiti. Elle-Marja hakujibu ujumbe. Alipanda treni, akashuka Stockholm kesho yake na mfuko mmoja, na Truphosa akamleta hadi uani.

Mama yule alipita katikati ya wanyama taratibu, akishika sikio baada ya sikio. Wote walikuwa na alama moja. Alipomaliza alivua glavu zake na kuzikunja.

"Alama hii ni ya mjukuu wangu," alisema. "Tulimpa kiangazi hiki. Ana miaka minne."

Truphosa alisema basi wanyama ni wa mtoto.

"Mtoto ana ndama mmoja tu, nami nimemwacha nyumbani jana. Kundi kama hili ni la mtu mzima aliyefuga maisha yake yote." Alimtazama jike mwenye pembe iliyovunjika. "Hawa hawajazaliwa bado."

Hapo ndipo Truphosa alipokaa chini, palepale kwenye theluji, kwa sketi yake ya kazini. Si kwamba hakuelewa. Alielewa mara moja, yote kwa pamoja. Ghislaine, aliyekuwa akipita na takataka, alimshika bega, akamwambia, "Polepole, mama, polepole."

Ripoti yake ilikuwa imekwisha na ilikuwa inangoja kuchapishwa. Ilisema kwamba, kwa wastani, malisho ya kaskazini yatatosha hadi mwisho wa karne. Katika rasimu ya kwanza kulikuwa na sura nzima kuhusu miaka mibaya, na mbaya kuliko yote ulikuwa 2061, mvua juu ya theluji mara tatu kabla ya Machi. Mkurugenzi, Torbjörn, aliitoa sura hiyo. Alisema mwaka mmoja si mwelekeo. Truphosa alibisha, akabisha tena, kisha akatia sahihi.

Wastani huo ulikuwa na mtu aliyekuwa akiungoja. Wakuu wa serikali walitaka kujua kama msitu mkongwe juu ya kijiji cha akina Elle-Marja unaweza kukatwa. Katika miti ya umri ule kuvumwani huning'inia kwenye matawi kama ndevu, na ardhi ikifungwa na barafu, hicho ndicho chakula pekee kinachobaki. Ikiwa malisho ya chini yanatosha, msitu hauna kazi.

Siku hiyo hiyo Truphosa alirudi ofisini, akaupigia hesabu upya mwaka 2061 na msitu ukiwa umekatwa. Idadi ya reni watakaokufa katika kijiji kile ndiyo idadi iliyokuwa uani. Modeli ya kompyuta haikuwa na mahali pa kuandika pembe iliyovunjika, lakini mengine yalilingana.

Torbjörn alikubali kuja kuona. Alikuja wakati wa chakula cha mchana, akavua kofia, akawapapasa reni kwa upole wa kweli, kwani alikulia shambani.

"Ni majira moja tu ya baridi, Truphosa," alisema.

"Ndiyo. Lakini hufi kwa wastani. Unakufa mwaka mmoja."

Torbjörn alikubali kwamba hilo ni kweli. Akasema ripoti imekwisha kwenda kwa mchapaji.

Ilitoka wiki iliyofuata, na ikasifiwa kwa utulivu wake. Kibali cha kukata msitu kilifuata kabla ya Krismasi. Elle-Marja alipokuwa akijiandaa kurudi, Truphosa alimuuliza kama atamwambia mjukuu wake.

"Nimwambie nini? Kwamba nimewaona wanyama wake?" Alifunga zipu ya mfuko. "Nitamfundisha kufuga. Ndicho ninachokijua."

Wapangaji waliwazoea reni. Watoto walihamishia sleji zao za kutelezea thelujini kwenye kilima cha upande wa pili, na mtu asiyejulikana alifagia vioo vilivyovunjika mahali wanyama walipolala. Mnyama alipolala moja kwa moja, asubuhi hakuwepo, ila theluji iliyoyeyuka kwa umbo lake. Katika nyumba za wazee za Uswidi kuna desturi kwamba mtu asifariki peke yake, lazima awepo wa kukaa naye. Josiah aliwaeleza majirani jinsi inavyofanywa: huna haja ya kusema kitu, keti tu mahali anapokuona. Walipeana zamu. Whitney, binti yao, alichukua za baada ya shule, na alipoulizwa kama anaogopa alijibu kwa Kiswidi kwamba hapana, ila miguu inapata baridi.

Mwezi Februari Elle-Marja alituma ujumbe mfupi kwamba mashine zimeanza kazi juu ya kijiji. Truphosa aliusoma akiwa kwenye zamu yake, ameketi juu ya kigoda karibu na jike mwenye pembe iliyovunjika. Jike alikuwa amelala ubavu tangu alfajiri. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufumba, lakini kwato ya mbele ilikuwa bado inakwaruza.