Utingo Mwenye Mvi

Asubuhi ile mume wangu alitoka nyumbani amevaa suruali yenye madoa ya rangi na kofia iliyochakaa ya kaka yangu. Nikamcheka mlangoni.

"Profesa mzima! Chuo kimefilisika?"

"Leo mimi ni utingo wa lori. Niite kijana."

"Kijana mwenye mvi?"

"Hili ni vumbi la safari," akasema, akaenda. Sikumwona tena akiwa hai.

Maisha yake yote pale chuo kikuu aliyatumia kuchunguza malori: yanabeba nini, yanachelewa wapi, yanaua wapi. Mimi nilikomea kidato cha nne, lakini kwa kumsikiliza mezani nilijua kwamba lori lenye mzigo hushushwa mlimani kwa gia. Madereva wengi huitoa gia, wakaweka frii, lori likajiendea lenyewe, ili mafuta waliyopimiwa na tajiri mwenye lori yawafikishe. Breki zikishika moto, basi tena.

Kwenye mteremko mrefu nje ya mji watu wengi mno walishakufa. Yeye alikuwa akipanda na madereva, akipima mwendo, akitaka ichimbwe njia ya kando ambayo lori lililokatika breki lingeikimbilia. Lakini vipimo vyake vikaonyesha kwamba karibu wote hushuka kwa gia. Wizara ikavisoma, ikasema mteremko hauna tatizo.

Siku moja dereva mmoja rafiki yake alikuja kula kwetu, akaniambia akicheka, "Shemeji, huyu bwana akipanda, tunaendesha kama tumebeba mayai. Akishuka tu, frii!"

Tulicheka sana. Mume wangu akasukuma sahani pembeni.

Ndiyo maana alikwenda kuomba uutingo kwa dereva asiyemjua.

Msiba ukiwa bado haujaanuliwa, alikuja mtu anayetembea kwa magongo, kichwa kimefungwa bendeji. Akakaa mkekani, hakuinua uso.

"Mama, mimi ndiye niliyeshika usukani."

Wanawake wakaanza kunong'ona. Nikawanyamazisha. Kuna kitu kimoja tu nilichotaka kujua.

"Alikwambia yeye ni nani?"

"Hapana. Aliniambia, 'Dereva, weka gia.' Nikamjibu, tangu lini utingo akamfundisha dereva kazi? Akanyamaza."

"Halafu?"

"Tukasikia harufu ya breki. Akarudia, safari hii kwa ukali. Gia ikagoma kuingia."

"Bado hakusema?"

"Hakusema, mama. Aliniambia nilibane lori kwenye ukingo wa mlima, lisugue mpaka lisimame."

"Upande upi?"

"Wake."

Kama angejitaja mara ile ya kwanza, gia ingewekwa mapema, na kipimo kingeharibika kama vile vya zamani. Namfahamu. Nadhani alitaka kungoja kidogo tu. Nilimwambia yule mtu aletewe chai, nikaingia ndani.

Kifaa chake cha kupimia mwendo kilikutwa kizima mfukoni mwake, na safari yote imo. Chuo kimetuma watu wawili kunipa pole. Walisema kwa upole kwamba safari moja haitoshi kuitwa utafiti, na hakuna mwalimu mwingine aliyetaka kuendelea nao.

Njia ya kukimbilia haijachimbwa. Yule dereva amepona, amerudi kazini kwa tajiri yuleyule. Anashuka mteremko uleule, na mafuta anayopimiwa hayajaongezwa.